Kutu ya Chini ya Mtutu

Mwanangu, kwa miaka mingi nimekana kwamba lile gobori lililotundikwa sebuleni kwangu, juu ya rafu ya vitabu, ni langu. Wanawake wenzangu wanaokuja kwangu kwenye khitma na maulidi huniuliza, kikombe cha chai mkononi, na kila mara nimepata wa kumsingizia. Kuna niliyemwambia ni la kaka yangu, kwake hakuna nafasi. Kuna niliyemwambia nililikuta humu humu nilipohamia. Baba yako naye, mtu asiyethubutu hata kumfukuza njiwa dirishani, nimemtwika mara kadhaa, na yeye kwa wema wake akaitikia kwa kichwa kama mwindaji mstaafu. Leo nakiri. Nililinunua mimi, kwa fedha za mshahara wangu, nikiwa msichana mwenye shahada mpya na maoni juu ya kila kitu.

Nakiri kwa sababu juzi umenitumia picha ya gobori uliloliona mnadani, ukaniandikia kwa Kiingereza, kama unavyonijibu hata nikikuuliza kama umekula, kwamba limetunzwa vizuri mno na unataka kulinunua upambe chumba chako. Nimeitazama picha ile muda mrefu. Shaba inang'aa, mti unang'aa, mtutu unang'aa. Ndani ya mtutu hawakupiga picha. Basi kaa kidogo, uache simu, nikusimulie namna babu yako alivyonifundisha kutazama ndani, na alichokiona humo siku ile, ambacho mimi wala yeye hatukukitarajia.

Ilikuwa Jumamosi ya manyunyu, miaka ya tisini ikiwa katikati. Tulikuwa tukikaa Ilford, mimi na wazee wangu, katika nyumba yenye ngazi nyembamba kiasi kwamba kabati la Mama liliingizwa kwa dirishani. Nilikuwa nimemaliza chuo na kupata kazi ofisini, na nilikuwa na tabia, ambayo naona umeirithi, ya kuamini kuwa kila tatizo la nyumbani lingekwisha zamani kama wazee wangekaa chini na kuniuliza mimi.

Tatizo la wakati ule lilikuwa moja. Wiki iliyotangulia Mama alirudi kutoka harusini Barking na habari ya Ami Seif, mdogo wake Baba aliyebaki Pemba. Ami alikuwa ametolewa kijijini, amepelekwa Unguja kwa binti yake, akingoja kupasuliwa tumbo. Waliomwona walisema amekwisha mwili. Mama aliyasema haya amesimama mlangoni, buibui bado begani. Baba alikuwa akimenya chungwa. Akaendelea kumenya.

"Salim, ndugu yako anapasuliwa," Mama akasema.

"Mungu atamsaidia."

"Na wewe mpigie simu."

"Nimeshasema atakayemsaidia."

Akalikata chungwa, akatugawia vipande, akala cha kwake pole pole mpaka mwisho. Mimi nilikuwa mtu mzima na sikuwa nimewahi kumsikia Baba akilitaja jina la mdogo wake. Nilidhani ndivyo wanaume wa Pemba walivyo. Nilimfuata Mama jikoni nikamuuliza walikosana nini, na Mama, huku akiosha bakuli ambalo lilikuwa safi, akasema, "Gobori."

Nikacheka. Nilidhani shamba, au mke, au mirathi. Mama hakucheka. Akanieleza.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na gobori, bunduki ya zamani ya kushindilia, ambayo baruti na risasi hutiwa kwa mdomoni na kusukumwa chini kwa ufito. Ufito huo huitwa mdeki. Kwa babu gobori lile halikuwa la kuwindia. Mwezi wa Idi ukionekana, yeye ndiye aliyepiga, ili watu wa mashamba ya mbali wasikie na wajue kuwa kesho hakuna kufunga. Baba alipoondoka kuja huku akiwa kijana, gobori lilibaki nyumbani, na Ami Seif ndiye aliyekuwa akilitunza. Miaka michache baadaye Baba akapata habari kuwa gobori limeoza. Kutu imelila mpaka babu ameacha kulipiga, anaogopa litampasukia mikononi. Kisha babu akafa, na Idi zikawa zinaingia kimya. Baba hakuwahi kumzika baba yake, hakuwahi kurudi, na hasira zake zote zikapata pa kutua: Seif amekaa nyumbani, ameachiwa kitu kimoja tu akitunze, ameshindwa. Aliyasema hayo kwa mtu, mtu akayafikisha. Tangu hapo, kimya.

"Na gobori lenyewe?" nikauliza.

"Lilichukuliwa silaha zilipokusanywa. Hakuna gobori, mwanangu. Wanagombania upepo."

Hapo ndipo akili yangu ya chuo ilipofanya kazi. Kama ugomvi ni gobori, na gobori halipo, basi dawa ni kumtafutia mzee gobori. Akilipata, moyo utalainika. Ukilainika, atanyanyua simu kabla Ami hajaingia chumba cha kupasuliwa. Usinicheke. Nimewahi kusoma mipango ya serikali iliyoandikwa kwa busara ndogo kuliko hiyo.

Nilikuwa nimewahi kuona duka la silaha za kale kichochoroni, lenye saa za ukutani na mapanga kwenye dirisha. Nchi hii bunduki kuukuu kama zile huruhusiwa kuwekwa nyumbani kuwa pambo. Nilikwenda Jumanne baada ya kazi. Mwenye duka alikuwa Mwingereza mzee, mrefu, sweta lake limetoboka viwiko, mpole kama daktari wa meno. Nilikuwa nimesoma kitabu kizima cha maktaba juu ya bunduki za kale, kwa hiyo nilijiona tayari. Nilikagua mti, nikakagua shaba, nikakagua alama zilizochorwa ubavuni. Nikafunga jicho moja nikachungulia mdomoni mwa mtutu, kama nilivyoona mtu akifanya pichani. Nikaona duara la chuma linalong'aa kama pete. Nikasema kwa sauti ya mjuzi kwamba mtutu uko katika hali nzuri sana. Mwenye duka akanitazama kwa furaha ambayo sikuielewa wakati ule.

Nilimwomba aniwekee mpaka Jumamosi. Baba nikamwambia tunakwenda kumwangalizia Mama saa ya ukutani.

Alipoingia dukani hakuitazama saa hata moja. Gobori lilikuwa limelazwa juu ya meza, na Baba akasimama mbele yake mikono nyuma, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akamkuta jamaa yake.

"Umenileta hapa kwa hili," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Mama yako anajua?"

"Mama anasubiri saa."

Akavua koti la mvua, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. Mtu niliyemjua mimi alikuwa karani wa ofisi, anayevaa tai hata Jumapili, anayesumbuliwa na kopo la samaki lisilofunguka. Huyu aliyelinyanyua gobori lile sikumjua. Kwanza aliuelekeza mdomo wake darini, mbali na sisi sote. Kisha akamwomba mwenye duka mdeki. Akauteremsha ndani ya mtutu pole pole mpaka ukagota. Akaubana kwa kidole gumba pale pale mdomoni, akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje kuona unafika wapi.

"Unapima nini?" nikauliza. Kitabu changu hakikusema neno juu ya hili.

"Kama limeshiba. Mdeki usipofika shinani, kuna kitu humo. Mtu alishindilia, hakupiga. Liko hivyo mpaka leo, linangoja."

Nilisogea nyuma. Mwenye duka, ambaye hakujua Kiswahili ila alielewa niliposogea, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Mdeki ulifika shinani. Gobori lilikuwa tupu. Sote watatu tukapumua kila mtu kwa lugha yake.

Baada ya hapo Baba akatoa mfukoni kitambaa cheupe, kipande cha fulana yake kuukuu, na hapo nikajua kuwa hadithi yangu ya saa hakuiamini tangu nyumbani. Kumbe kitabu changu cha maktaba alikuwa amekiona. Akakifunga kwenye ncha ya mdeki kikakaza, akakisukuma chini.

"Njoo ushike," akaniambia. "Jicho lako umeshalitumia. Sasa tumia mkono."

Nikashika. Akaniambia nivute bila haraka. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Mtutu wa bunduki ya namna ile umechongwa mifereji ndani, inayozunguka kama ngazi ya msikitini kwenye mnara, na kitambaa kikiwa kimekaza, mdeki huzunguka wenyewe mkononi mwako kufuata mifereji. Unausikia ukigeuka kama kitu kilicho hai. Lakini mwanzoni, kule chini kabisa, haukugeuka. Ulikwaruza. Kitambaa kilinaswa, kikaachia, kikanaswa tena. Kisha ghafla pakawa laini, na mdeki ukaanza kuzunguka, ukazunguka mpaka mdomoni.

Baba akakifungua kitambaa akakitandaza juu ya meza. Kilikuwa kimechanika pembeni na kina doa la rangi ya kahawa.

"Rangi hii ni kutu iliyolala," akasema. "Ingekuwa nyekundu kama pilipili, ningekwambia twende zetu. Kutu nyekundu bado inakula."

Mwenye duka alileta tochi ndogo yenye waya mrefu, taa yake nyembamba kama punje ya mpunga, inayoweza kuteremshwa mpaka chini. Baba akatazama muda mrefu. Kisha akanipa mimi. Pale mdomoni, palipofika jicho langu Jumanne, paling'aa. Pakaendelea kung'aa, mifereji imesimama safi. Halafu chini kabisa, pale baruti inapokaa, chuma kilikuwa na vishimo vingi vingi, kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Nikaona haya, si kidogo. Nilimgeukia mwenye duka nikamuuliza, kwa Kiingereza changu cha mitihani, mbona hakunieleza. Akasema kwa upole kwamba sikuuliza, na kwamba ile ni kutu ya uzee tu, bunduki ya umri ule lazima iwe nayo.

"Si uzee," Baba akamjibu kwa Kiingereza. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayesahihisha hesabu ya mwenzake. "Uzee na unyevu hula kila mahali, mdomoni, katikati, hata nje. Hili limetunzwa. Tazama juu palivyo. Lililiwa chini peke yake. Hapo ni masizi ya baruti. Mtu alipiga, hakuosha, akaenda zake. Aliyekuja baada yake akalipaka mafuta kila siku, lakini alikuwa ameshachelewa. Mafuta hayarudishi chuma. Anayelitunza hana..."

Hakumaliza. Alibaki ameshika tochi, waya umening'inia, taa inawaka ndani ya mtutu bila mtu kutazama. Nilidhani ni moyo. Nikamshika kiwiko. Mwenye duka akasukuma kiti, akaondoka akarudi na chai ya maziwa baridi kama wanavyoinywa wao, na Baba, ambaye hakuwahi kuisifu chai ya Mwingereza maisha yake yote, akainywa yote.

"Baba, turudi nyumbani?"

"Nunua," akasema. "Mlipe kwa bei ya ndui, si kwa bei ya uso. Halafu turudi."

Mwenye duka alipunguza bila kubishana. Alilifunga gobori kwenye blanketi, kisha kwenye karatasi, na tukapanda treni ya Ilford tumeketi mmoja upande huu na mwingine upande ule, gobori katikati kama mgonjwa anayerudishwa kutoka hospitali. Abiria walidhani ni fimbo za pazia.

Tulikuwa tumepita Stratford aliposema, bila kunitazama, "Seif aliniletea maneno. Alimtuma mtu anifikishie. Akasema, mwambie kaka kutu iko chini tu, mdomo mzima."

Nikalishika furushi lisiteleze, naye akaendelea.

"Mimi nikasema anatafuta udhuru. Nikamwambia yule mtu, kamwambie kutu haichagui mahali."

Kisha akanisimulia. Mwezi wa Idi ulionekana usiku wa kuamkia safari yake. Babu, kwa kuwa mwanawe mkubwa anaondoka, alimpa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu: alimpa gobori apige yeye. Akapiga, na mashamba yote yakaitikia kwa vigelegele. Na nyumbani kwa babu sheria ilikuwa moja, aliyepiga ndiye anayeosha. Maji yanachemshwa, yanamiminwa mdomoni, yanatokea chini kwenye kitundu cha fataki, pale cheche inapoingilia, meusi kama wino, na unaendelea kumimina mpaka yatoke meupe. Kisha unakausha, kisha mafuta ya nazi. Ni kazi ya kuchafuka. Maji yale yanaruka, na doa la masizi ya baruti halitoki nguoni.

"Nilikuwa nimevaa kanzu mpya," Baba akasema. "Baba yangu alinishonea kwa safari. Nikasema nitaosha asubuhi nikibadili nguo. Asubuhi ilikuwa Idi, watu wamejaa, gari limekuja. Nikalirudisha gobori ukutani."

"Ulikuwa umesahau?"

Akalifikiri swali lile kwa vituo viwili.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nimekataa kukumbuka. Unaona, mama, ni vitu viwili."

Mwanangu, nimeishi na maneno hayo miaka mingi kuliko umri wako. Sasa sikiliza ninayotaka uyachukue, kwa sababu najua utakwenda mnadani kwa vyovyote.

Ukifika, usianze na shaba. Lielekeze mbali na watu, hata ukiambiwa na nani kuwa ni tupu, upime kwa mdeki kwanza, kwa mkono wako mwenyewe, na likiwa limeshiba liache mezani aitwe fundi. Wauzaji hung'arisha pale jicho linapofika, na jicho halifiki mbali. Basi teremsha kitambaa kilichokaza, uvute pole pole, usikilize. Kikinaswa mahali pamoja, pana makovu. Kikilegea ghafla katikati, mtutu umevimba, huo uache. Mdeki ukizunguka wenyewe mkononi, mifereji ingalipo, na bunduki yenye mifereji na makovu kidogo ni bora kuliko iliyokwanguliwa mpaka ikawa laini kama glasi, maana waliotoa kutu yote wametoa na mchongo wake. Kutu ya kahawia uiache ilale, uipake mafuta. Usiikwangue ili wageni wakusifu. Na mafuta yasiwe ya nazi. Babu yako alilipaka la kwetu mafuta ya nazi kwa mazoea, baridi ilipoingia yakaganda ndani meupe kama nta, na sebule yangu mpaka leo, hita ikiwaka, hunuka samaki wa kupaka. Ndiyo maana hasa wageni huuliza.

Lakini hayo ni ya bunduki, na bunduki si kitu cha maana sana. La maana ni hili. Utakapokuta kitu kimeharibika mikononi mwa mtu, ndoa, duka, mzee, urafiki, usikimbilie kumlaumu aliyekishika mwisho. Tazama kwanza kutu iko wapi. Iliyoenea kote ni ya kupuuzwa, na hapo una haki ya kuuliza. Iliyokaa mahali pamoja, chini, pasipofika jicho, ina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe ameshaondoka zamani, yuko mbali, amevaa nguo safi. Huenda ni wewe. Sisi tulioondoka kwetu tuna ugonjwa huu kuliko wengine. Tunatuma fedha, tunatuma lawama, na tunawaachia waliobaki kuosha tulichopiga sisi. Na ukijikuta ni wewe, usitafute zawadi ya kupeleka wala mtu wa kumtuma, kama nilivyofanya mimi na kitabu changu. Nyanyua simu mwenyewe, hali kuna anayeipokea.

Mola akupe jicho la kutazama ndani na mkono mwepesi unapovuta. Akujaalie ndugu wanaokusitiri, na akupe umri wa kuwajua kabla hawajaondoka. Akuepushe na kanzu mpya siku ya kazi chafu. Babu yako amelala sasa, na Ami Seif alimfuata miaka kadhaa baadaye, baada ya kututumia halua Idi baada ya Idi. Wote wawili wangekuombea hivyo hivyo, Ami akiongeza mzaha.

Jioni ile tulipotoka stesheni Baba alisimama kwenye duka la yule mama wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa, akaomba kadi ya simu. Akachukua ya buluu. "Hiyo inakata katikati ya maneno, mzee," yule mama akasema. "Chukua ya kijani." Akachukua ya kijani. Mama alipotuona mlangoni na furushi letu akasema nyumba haina hata pa kutundika taulo, sisi tunaleta bunduki, na saa iko wapi. Kisha akauona uso wa Baba, akaenda mwenyewe kwenye simu akapiga namba za Unguja, ambazo kumbe alizijua kwa moyo.

Baba alipokea, akabonyeza kwa bahati mbaya kile kitufe cha kufanya sauti isikike chumba kizima. Hakujua. Hakuna aliyemwambia.

"Halo, nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ilikuwa ya Baba, kana kwamba anajipigia simu mwenyewe.

"Mimi."

"Mimi wako wengi."

"Salim."

Upepo wa kadi za simu ukapita kati yao.

"Salim yupi? Ninaye mmoja yuko London, lakini huyo hapigi simu."

"Leo kapiga," Baba akasema. "Seif, kutu ilikuwa chini tu."

"Nilikwambia."

"Mdomo ulikuwa mzima."

"Unajitazama uso ndani yake. Nilikuwa nikiupaka mafuta kila Ijumaa."

"Mimi sikuosha."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Idi iliyofuata. Baba alilishusha, akanusa mdomoni, akauliza mbona Salim alipiga hakuosha. Nikamwambia kaka aliniachia mimi nioshe, nami nikasahau."

Baba akakaa kwenye mkono wa kochi, mahali ambapo Mama hamruhusu mtu kukaa. "Akakufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Ila hakunipa hata siku moja gobori nipige. Mpaka akafa."

"Kwa nini hukusema, Seif?"

"Wewe ulikuwa mbali. Mtu wa mbali hasemwi, kaka, hana wa kumtetea pale. Nikasema nitakufumbia maneno, wewe utayafumbua."

Mama alikuwa amegeukia ukutani.  Baba alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo, ya kijana anayetaka kuondoka nyumbani akiwa safi.

"Ilikuwa kanzu, Seif. Nilikuwa nimevaa kanzu mpya. Niliogopa maji meusi."

"Ile yenye darizi shingoni? Aliyokushonea Baba?"

"Hiyo."

Upepo ukapita tena kwenye simu. Kisha Ami Seif akacheka, akashika tumbo lake huko aliko, tukamsikia akiguna kwa maumivu, na akacheka tena.

"Ilikuwa kanzu nzuri ile," akasema. "Hata mimi nisingeosha."